Namugongo Ipi? Sayuni na Vilima Vyetu

Kila mwaka mwishoni mwa Mei mahujaji wa Namugongo, mahali walipochomwa Mashahidi wa Uganda, huanza kuingia Kampala kwa miguu. Wengine wametembea wiki nzima, wengine wiki mbili na zaidi, kutoka Kenya, Tanzania na upande wa Kongo, fimbo mkononi, begi na mkeka mgongoni. Mwaka mmoja nilikuwa nimesimama Kyaliwajjala na mzee mmoja aliyekuwa akichechemea tangu Busia. Miguu ilikuwa imemshinda, akaamua kipande cha mwisho akimalize kwa bodaboda. Kijana wa bodaboda akamuuliza: "Namugongo ipi, mzee? Ya Wakatoliki ama ya Waprotestanti?"

Mzee akanigeukia mimi. Njia yote ile hakuna aliyemwambia kwamba ziko mbili.

Ziko mbili, na kila mwenyeji wa hapa anajua. Kuna kanisa kubwa la Wakatoliki lenye umbo la nyumba ya asili ya Kiganda, limeshikwa na nguzo 22, pale alipochomwa Karoli Lwanga. Halafu, mwendo wa miguu tu kutoka pale, upande wa Nakiyanja, kuna eneo la hija la Waanglikana, pale ulipowashwa moto mkubwa wa Juni 3, 1886. Kila Juni 3 ibada mbili huanza asubuhi ileile, kila moja na wageni wake wa heshima, kila moja na vipaza sauti vyake, na upepo ukikaa vizuri nyimbo za huku huingia katikati ya mahubiri ya kule.

Sina ugomvi na kuwepo kwa mahali pawili. Kinachonikosesha usingizi ni hesabu ya miaka. Mashahidi tunaowakumbuka ni 45, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, waliouawa kwa amri ya Mwanga, Kabaka yaani mfalme wa Buganda, kati ya 1885 na 1887. Kwenye moto wa Nakiyanja walifungwa ndani ya matita ya matete, wa dhehebu hili pamoja na wa lile, na wauaji hawakujisumbua kuwapanga kwa dini. Januari 24, 1892, yaani kabla ya miaka sita kutimia, ndugu na marafiki wa waliochomwa walikuwa wakipigana risasi pale Mengo. Wakatoliki waliitwa Wafransa, Waprotestanti Wangereza, kwa nchi za wamisionari wao, ingawa karibu wote hawakuwa wamewahi kuona hata bahari. Kapteni Lugard, mwakilishi wa kampuni ya Waingereza, akiwa kwenye ngome yake ya Kampala ya Kale, aliwagawia Waprotestanti bunduki, na bombomu lake likanguruma kutoka huko kilimani. Kanisa la Rubaga likaungua. Wakatoliki wakakimbilia visiwani, kisha Buddu.

Moto mmoja, halafu miaka sita, halafu hayo.

Naleta habari hii kwa sababu ya neno moja ambalo kanisani kwetu haliishi midomoni: Sayuni. Mimi nasali katika ibada ya Kiswahili upande wa kusini wa jiji. Waumini wetu ni Wakongo waliokimbia vita, askari na familia zao, wafanyabiashara wa Kikenya, watu wa Arua na Koboko, na sisi wachache tuliokulia kambini ambao Kiganda chetu huchekwa na mabinti zetu wenyewe. Tuna kwaya tatu. Kwaya ya akina mama iko safarini kwenda Sayuni, ya vijana imeshafika na inacheza, ya wazee bado inaililia kwa mbali. Hakuna anayesimama kuuliza Sayuni ni nini. Nami naona ni hapo tulipopotelea njia, tangu mwaka ule wa 1892 mpaka leo.

Katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 5, Sayuni ni ngome ya Wayebusi ambayo Daudi aliitwaa. Ulikuwa mgongo mwembamba wa ardhi, kusini ya mahali ambapo Sulemani angekuja kujenga hekalu, na bondeni chini yake ikibubujika chemchemi ya Gihoni. Watu walikaa pale kwa sababu ya maji. Jambo ambalo wahubiri wetu hulipita mbio ni kwamba mgongo ule ulikuwa chini kuliko milima inayouzunguka. Mlima wa Mizeituni unautazama kutoka juu. Mtu aliyezoea vilima vya Kampala angesimama pale akauliza: ndio huu? Mtunga Zaburi ya 68 alilijua hilo, ndiyo maana akaichora milima mirefu ya Bashani ikikitazama kwa wivu kilima ambacho Mungu amekitaka kiwe makao yake. Sayuni haikuchaguliwa kwa urefu wake.

Kisha jina likaanza kuhama. Hekalu liliposimama, Sayuni ikawa mlima wa hekalu. Manabii wakaliita hivyo jiji zima, na baadaye watu wenyewe, "binti Sayuni". Karne nyingi mbele Wakristo wakalipeleka jina hilo kwenye kilima cha magharibi, na huko ndiko wanakopelekwa mahujaji leo wakaambiwa huu ndio Mlima Sayuni, nje kidogo ya ukuta wa mji wa kale. Kilima hicho sicho alichokitwaa Daudi. Kule Aksum, Waethiopia wana kanisa la Maria wa Sayuni na husema sanduku la agano limo humo. Mwanzoni mwa karne ya 20 mhubiri John Alexander Dowie alijenga mji aliouita Zion karibu na Chicago, na kutoka huko jina likavuka bahari hadi Afrika Kusini, ambako mamilioni ya waumini wa makanisa ya Kizayuni hawana uhusiano wowote na siasa za Mashariki ya Kati. Warasta wa Jamaika nao wakaiona Sayuni yao Ethiopia. Jina lililotembea kiasi hicho huwezi kulifungia ndani ya hatimiliki ya kiwanja.

Basi Sayuni ni nini? Kwangu mimi jibu liko katika Zaburi ya 87, yenye aya saba tu, ambayo sikumbuki kuisikia ikihubiriwa zaidi ya mara mbili. Humo Mungu amekaa na daftari kama karani, akiandika mataifa: "Huyu alizaliwa humo." Sasa tazama majina anayoandika. Rahabu, ambalo ni jina la kishairi la Misri, nchi ya utumwa. Babeli, walioiteketeza Yerusalemu. Filisti, adui wa mlangoni. Tiro, wafanyabiashara matajiri wa pwani. Na Kushi, watu weusi wa kusini ya Misri, kando ya mto uleule unaotoka kwetu Jinja. Zaburi haisemi kwamba hawa watapokewa kama wageni wazuri. Inasema wataandikwa kuwa wamezaliwa Sayuni, sawasawa na mtoto wa Daudi.

Sisi Waganda, na hapa nasema Waganda kwa maana ya watu wa Uganda wote, ambalo ni kosa la Kiswahili lakini linanifaa leo, tunajua uzito wa kuandikwa. Katiba yetu ya 1995 ina orodha ya makabila ya wenyeji, yalikuwa 56, na marekebisho ya 2005 yakayafikisha 65. Ukienda kutafuta kitambulisho cha taifa utaulizwa kabila na ukoo, na babu yako alizikwa wapi si swali dogo. Wakati huohuo hakuna nchi ya Afrika inayohifadhi wakimbizi wengi kuliko hii yetu, zaidi ya milioni 1.5. Siku tuliposoma Zaburi hiyo katika ibada yetu, mama mmoja kutoka Bunia, Kongo, alinifuata nje, tukiwa tunangoja chai. "Kaka," akaniambia, "mimi nimeandikwa sana. Kambini Kyangwali niliandikwa, Nsambya niliandikwa, kwa wale wa kupeleka watu Marekani niliandikwa. Lakini kila mahali wanaandika nimetoka wapi."

Nilirudi nyumbani na sentensi hiyo. Sijaona mfafanuzi wa Biblia aliyeifungua Zaburi ya 87 kuliko yeye.

Hata lugha tunayosalia ina kesi yake katika jambo hili. Wasomi wa kwanza wa Injili katika baraza la Kabaka Mutesa hawakuisoma kwa Kiganda. Walisoma kwa Kiswahili, katika tafsiri za Askofu Steere wa Zanzibar, kwa kuwa Kiswahili kilikuwa kimefika Buganda zamani pamoja na wafanyabiashara Waislamu. Mmisionari Alexander Mackay alifundisha kwa Kiswahili na alitumaini siku moja kitakuwa lugha ya Afrika ya Kati nzima. Askofu Alfred Tucker aliyekuja baadaye akaandika kwamba lugha moja kwa Afrika ya Kati ni jambo la kutamaniwa sana, ila Mungu apishe mbali isiwe Kiswahili, maana alikiona kimeshikamana na Uislamu. Biblia nzima ya Kiganda ikatoka mwaka 1896, kazi njema isiyo na mfano, na Kiswahili kikabaki cha askari na sokoni. Kwa hiyo leo ukikuta Wakristo wa Uganda wanaomba kwa Kiswahili, mara nyingi ni wale ambao hakuna kilima kilichowaandika.

Na vilima tunavyo! Namirembe kwa Waanglikana, Rubaga kwa Wakatoliki, Nsambya walikokaa mapadri wa Mill Hill, Kibuli kwa Waislamu, Kikaya kwa Wabahai. Wageni hupenda kusikia kwamba Kampala ilijengwa juu ya vilima saba kama Roma. Kinachosahaulika ni kwamba vilima hivi viligawanywa na vita na karatasi. Baada ya 1892 mpaka machifu walihesabiwa kwa dini: Buddu ya Wakatoliki, Butambala ya Waislamu, na kiti cha Katikkiro, waziri mkuu wa Buganda, mkononi mwa Waprotestanti. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 ukaipa misheni maili za mraba 92 za ardhi. Nusu karne baadaye, chama cha DP (Democratic Party) kilipoundwa, kikiwa na Wakatoliki wengi, watani wakakiita "Dini ya Papa", na utani huo haujafa. Namirembe, kilima ambacho jina lake lina neno la Kiganda la amani, mirembe, kilisimama kikitazamana na Rubaga kama majirani wawili waliokatana mpaka wa shamba.

Mtu atasema hayo ni ya kale. Kweli, maaskofu wa leo hutembeleana, hupeana mikono mbele ya kamera, na mwaka 1963 liliundwa Baraza la Pamoja la Wakristo Uganda, likiwaunganisha Wakatoliki, Waanglikana na Waorthodoksi. Lakini fikra ya kilima ingali hai. Kanisa lolote jipya likipata fedha kidogo hutafuta mwinuko, hupandisha mnara, hufunga vipaza sauti vinavyoelekea bondeni. Na bondeni ndiko watu waliko. Mvua ikinyesha saa moja, Bwaise inafurika, maji ya choo yanaingia jikoni, na watoto wanabebwa mgongoni kwenda shule. Juu kilimani tunaimba kwamba wamtumainio Bwana ni kama mlima Sayuni, hautatikisika. Ni kweli hautikisiki. Maji hushuka kwa wengine.

Nabii Mika aliishi wakati kama huu. Alikuwa mtu wa shamba kutoka Moreshethi, si mtu wa mjini, na alipofika Yerusalemu akawaambia wakubwa wake kwamba wanaijenga Sayuni kwa damu. Makuhani hufundisha kwa ijara, manabii hubashiri kwa fedha, halafu wote huegemea kwa Bwana na kusema yu katikati yetu, baya halitatufikia. Akatabiri Sayuni italimwa kama shamba. Nimewahi kuwa kwenye changizo la ujenzi ambapo mwanasiasa alikuja na mifuko ya saruji na bahasha, akapewa kipaza sauti kabla ya mahubiri, na mahubiri yenyewe yakafupishwa ili awahi kanisa jingine, la dhehebu jingine, aliloliahidi mifuko ileile. Niliitikia amina kama wengine. Saruji ilikuwa nzuri, ukuta bado umesimama, na hakuna aliyeuliza fedha ilitoka wapi.

Kuna njia nyingine mbili za kuikosa Sayuni, nazo tumezijaribu zote hapa nchini.

Ya kwanza ni kuitafuta mbali. Siku hizi makanisa mengi hutundika bendera ya Israeli mbele ya madhabahu, pembeni ya ua la plastiki, na kuibariki nchi hiyo kunafundishwa kama ufunguo wa kupata viza na nyumba. Sitaki kuingia katika vita vya huko kwa aya mbili za gazeti. Watu wanakufa na sio wa kuchezewa maneno. Ila kuna kichekesho cha historia ambacho kila Mganda mpenda bendera hiyo angepaswa kukijua. Mwaka 1903, katika mkutano wa Wazayuni mjini Basel, Theodor Herzl alileta pendekezo la serikali ya Uingereza la kuwapa Wayahudi waliokuwa wakiteswa Ulaya ardhi iliyoitwa kwa jumla "Uganda". Ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu, upande wa Eldoret, ambayo mwaka mmoja kabla ilikuwa imeshahamishiwa upande wa Kenya ya leo. Wajumbe wa Urusi, ambao watu wao ndio waliokuwa wakiuawa, walitoka ukumbini wakilia. Kwao hapakuwa na Sayuni ya kubadilishana. Pendekezo likakataliwa mwaka 1905.

Machozi yale yananifundisha kitu. Sisi Wakristo tumezoea kusema "Sayuni ya kiroho" kana kwamba neno hilo tuliliokota barabarani likiwa halina mwenyewe. Karibu na Mbale, pale Nabugoye, wanaishi Abayudaya, wajukuu wa wale waliomfuata Semei Kakungulu, jemadari aliyepigana katika vita vya dini upande wa Wakristo, na mwaka 1919 akatahiriwa na kushika dini ya Kiyahudi. Wao wakisali wanaelekea Yerusalemu iliyo kwenye ramani. Paulo aliwaonya Wakristo wa Roma wasijisifu juu ya matawi, maana si wao wanaolichukua shina, shina ndilo linalowachukua. Tunaposema Sayuni ni ya wote waliozaliwa humo, tukumbuke nani alitutangulia katika daftari, na tusimfute.

Njia ya pili ni kuingoja kama basi la mwisho. Machi 17, 2000, kule Kanungu, mamia ya wafuasi wa kundi lililoamini dunia inafika mwisho walifia ndani ya kanisa lililofungwa na kuchomwa. Walikuwa wameuza mashamba na mbuzi. Wengi wao walikuwa wamelelewa katika kanisa la kawaida kabisa, wakiimba nyimbo zetu hizihizi za kwenda nyumbani mbinguni. Sijui kama tulijiuliza vya kutosha ni mafundisho gani yetu yaliyowaandaa kumwamini mtu aliyewaambia kwamba hapa duniani hawana tena kazi.

Waraka kwa Waebrania unazijibu njia zote mbili kwa kiambishi kimoja. "Bali ninyi mmeufikilia mlima Sayuni." *Mme-*, si *mta-*. Wasomaji wa waraka ule hawakuwa wamehamia Yerusalemu wala hawakuwa wamekufa. Walikuwa watu waliochoka, baadhi yao wamenyang'anywa mali, baadhi ndugu zao wako kifungoni, na wanaambiwa wameshafika. Kiswahili kinalibeba jambo hilo vizuri. Aliyefika hana haja ya kupigania nafasi foleni.

Ndivyo ilivyo na wito pia. Paulo, akiwa mfungwa, anawasihi Waefeso waenende kama inavyoustahili "wito wenu". Wenye wito ni wengi, wito ni mmoja. Hakuandika *miito yenu*, ingawa kila nikisikia mahubiri yetu nasikia miito: wito wa nabii fulani, wito wa huduma fulani, maono ya mtumishi fulani yaliyochapwa kwenye fulana. Naye Petro anapowaita watu "mzao mteule, ukuhani wa kifalme, taifa takatifu", mara tu baada ya kutaja jiwe lililowekwa Sayuni, tujikumbushe alikuwa anawaandikia nani. Mstari wa kwanza wa barua unasema: walio katika utawanyiko, wakaao hali ya ugeni. Taifa takatifu lilikuwa kundi la watu wasio na kwao. Yule mama wa Bunia hahitaji kufafanuliwa barua hiyo.

Neno letu *kanisa* lenyewe lina safari ya kupendeza. Tumelipata kwa Waarabu, nao walilipata katika Kiaramu, ambako asili yake ni kukusanyika. Ni jamaa ya neno la Kiebrania *Knesset*, ambalo ndilo jina la bunge la Israeli. Wagiriki nao walisema *ekklesia*, kusanyiko la walioitwa. Kwa namna zote mbili kanisa ni watu waliotoka mahali tofauti wakakaa pamoja. Jengo lilikuja baadaye likachukua jina.

Rafiki yangu mmoja, padri, tulipozungumza haya alinikatiza. Akasema: usitulaghai kwa Sayuni, meza ya Bwana haiunganishwi kwa makala. Ana haki. Tofauti za ekaristi, za daraja takatifu, za ubatizo wa watoto, si vinyongo vya wazungu tu tulivyorithi. Ni maswali ya kweli ambayo watu waaminifu wamefia. Sipendekezi tuyafunike kwa blanketi la nyimbo. Ila mambo mengi tunayoyafanya kila kanisa kivyake hayahusu meza ile hata kidogo. Kijijini kila mtu analijua hilo. Vikundi vya *munno mu kabi*, vya kusaidiana wakati wa msiba, havimuulizi marehemu alisali wapi. Mlokole hubeba sufuria, Mkatoliki huchimba kaburi, Mwislamu huleta turubai na viti, na mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, huhesabu michango. (Neno *mlokole*, kwa taarifa ya ndugu zetu wa Tanzania wanaolitumia kila siku, limetoka hapa kwetu, katika Kiganda *okulokoka*, na uamsho ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1920.) Ikiwa tunaweza kuzika pamoja, kwa nini tunashindwa kuchimba mtaro wa maji pamoja?

Tumeshawahi kuweza. Askofu mkuu Janani Luwum alipouawa Februari 16, 1977, kwa sababu yeye na maaskofu wenzake waliuambia utawala wa Amin kwamba damu inamwagika, walioomboleza hawakuwa Waanglikana peke yao, na tarehe hiyo sasa ni siku ya mapumziko kwa nchi nzima. Lakini mfano ninaourudia zaidi ni wa Gulu. Wakati wa vita vya waasi wa Kony kule kaskazini, kila jioni maelfu ya watoto walitoka vijijini wakatembea kilomita nyingi kulala mjini, kwenye varanda za maduka na kituo cha mabasi, wasitekwe usiku. Mwaka 2003 viongozi wa dini wa Acholi, miongoni mwao Askofu mkuu John Baptist Odama wa Wakatoliki, pamoja na wenzake wa Kianglikana na wa Kiislamu, walitoka majumbani mwao wakaenda kulala kwenye kituo cha mabasi pamoja na watoto, usiku baada ya usiku. Mmoja wa viongozi wa umoja huo, Askofu Macleord Baker Ochola, alikuwa amempoteza mkewe kwa bomu la ardhini mwaka 1997, na hakuacha kudai mazungumzo na msamaha.

Hawakuunganisha madhehebu. Hakuna aliyebadilisha katekisimu. Waliteremka tu kutoka vilimani kwao hadi mahali penye mikojo na baridi ambapo watoto wa wote walikuwa wamelala, na ukitafuta katika nchi hii mahali ambapo Sayuni imeonekana kwa macho, mimi ningekupeleka kwenye kituo kile cha mabasi kabla ya kanisa lolote lenye mnara.

Papa Paulo wa Sita, alipowatangaza watakatifu mashahidi wetu Wakatoliki Oktoba 18, 1964, aliwataja pia wale wengine, wa Kianglikana, waliokufa kwa jina la Kristo. Papa Fransisko alipokuja Novemba 2015 alifika Nakiyanja kwanza, kisha ndipo akaenda kwa watu wake. Alitumia dakika chache barabarani kati ya pale na pale. Mahujaji wetu wa kawaida, waliotembea kilomita mia kadhaa, wengi hawazitembei dakika hizo.

Mwaka jana, siku ya kawaida ya Septemba, niliamua kuzitembea. Hakukuwa na umati wala maaskofu. Nilipita maduka ya simu, mashine ya kusaga mahindi, saluni, uwanja wa matofali, mbuzi aliyefungwa kwenye nguzo ya umeme. Katikati ya njia nikasimama kwa kijana anayekaanga rolex, ile chapati yetu ya kukunjia mayai, nikaagiza ya mayai mawili, nikamuuliza biashara yake Juni 3 huwa upande gani. Akacheka, akaigeuza chapati. Alisema siku hiyo huanza saa tisa usiku na trei 20 za mayai, Wakatoliki hula nusu, Waprotestanti hula nusu, na hajawahi hata mwaka mmoja kupata nafasi ya kwenda kusali kokote.

Nikamuuliza yeye mwenyewe anasali wapi. "Mimi ni wa hapa tu," akasema, akaikunja rolex kwenye karatasi.